Kisukari kwa mwanafunzi wa udaktari wa Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kundi jipya la wanafunzi wa MD linapofika kliniki ya kisukari huja na maswali yale yale. Wa mwaka wa tatu huyauliza waziwazi. Wa mwaka wa tano huniuliza pembeni, wagonjwa wakishaondoka, kwa sababu wanaona walipaswa kuwa wanajua. Nimeyakusanya hapa, pamoja na yale ambayo wagonjwa na ndugu zao huwauliza wanafunzi wakidhani tayari ni madaktari kamili. Nimejibu kwa Kiswahili makusudi. Ugonjwa huu tunausoma kwa Kiingereza, lakini mgonjwa wa Mbagala au Tandale anaumwa kwa Kiswahili, na wengi wetu tunapotelea hapo katikati. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima, na unapokuwa wodini mwongozo wa wodi hiyo ndio wa kufuata.

## Mambo ya msingi

1. Wanafunzi wa udaktari wanakijua kisukari kweli?

Wanakijua kwa ajili ya mtihani. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa nne jinsi kongosho linavyoshindwa kazi, atakueleza bila kusita. Sasa mpe sirinji na kichupa cha insulini ile nyeupe kama maziwa, umwambie amwonyeshe mama wa miaka 60 namna ya kuvuta uniti 14. Hapo utaona kichupa kinatikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi, sirinji inageuzwageuzwa kutafuta mistari, na mama anamtazama mwanafunzi kwa huruma. Hata mimi niliwahi kuwa mwanafunzi huyo.

Sioni kama ni uvivu. Nadharia inatungiwa mtihani, sirinji haitungiwi. Kliniki nazo hujaa, watu wanawahi foleni tangu saa 12 asubuhi, daktari ana dakika chache kwa kila mmoja, na kazi ya kumfundisha mgonjwa inabaki kwa muuguzi wa chumba cha pili. Mwanafunzi anasimama nyuma ya kiti cha daktari, kwenye chumba cha pili hafiki. Ombi langu kwa kila kundi ni hili: asubuhi moja kila wiki, kaa na muuguzi. Vuta insulini mwenyewe, pima kidole chako mwenyewe, osha mguu wa mzee na uutazame mpaka katikati ya vidole.

2. Malaria, TB na Ukimwi bado vipo. Kwa nini tuhangaike na kisukari?

Kwa sababu magonjwa haya yanakutana kwa mgonjwa mmoja (tazama swali la 16). Tena hali imebadilika mbele ya macho yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipima watu vijijini na kukuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu asilimia 9. Njia za upimaji hazikuwa sawa, kwa hiyo usizitoe namba hizo moja kwa nyingine kama hesabu za darasani. Lakini yeyote aliyekaa wodi ya wanaume Dar es Salaam kwa mwezi mmoja, akahesabu viharusi, figo zilizokufa na miguu iliyokatwa, haitaji kushawishiwa.

3. Mgonjwa anasema ana "sukari ya kushuka". Kuna ugonjwa wa namna hiyo?

Hili ndilo swali linalorudiwa kuliko yote. Mtaani watu wanaamini kisukari ni cha aina mbili, cha kupanda na cha kushuka, kama wanavyosema juu ya presha. Anayejiita wa "kushuka" mara nyingi ni mgonjwa wa kisukari cha kawaida ambaye sukari iliwahi kumwangusha kwa sababu ya dawa: alimeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi, akaenda sokoni, hakula mpaka saa tisa mchana. Tangu siku hiyo amejipa jina jipya, na mbaya zaidi ameanza kunywa soda kila siku "ili isishuke".

Usimcheke wala usimkatishe. Mwambie: "Mama, ugonjwa ni mmoja, sukari kukaa juu. Ile iliyokuangusha siku ile ni dawa bila chakula." Kisha fuatilia ni dawa gani anatumia, anaila saa ngapi, na figo zake zikoje. Ukimwacha aondoke na jina la "kushuka", jirani yake mwenye dalili hizo hizo atapewa ushauri wa kunywa soda.

4. Aina halisi ni zipi?

Aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili inaharibu seli zinazotengeneza insulini; aina ya pili, ambayo ndiyo zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote; kisukari cha ujauzito; na nyingine chache zenye sababu maalumu, kama ugonjwa wa kongosho au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Jihadhari na kugawa kwa umri tu. Kijana wa miaka 19 mwenye kitambi anaweza kuwa wa aina ya pili, na mama wa miaka 45 aliyekonda ghafla anaweza kuhitaji insulini tangu siku ya kwanza.

## Namba na vipimo

5. Ni namba zipi nisizikose hata nikiamshwa usingizini?

Sukari ya kufunga, yaani bila chakula kwa saa 8 au zaidi: 7.0 mmol/L na kuendelea ni kisukari. Saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi: 11.1 na kuendelea. Kipimo cha wakati wowote kikiwa 11.1 au zaidi, mgonjwa akiwa na dalili bayana, kinatosha. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu: asilimia 6.5 na kuendelea. Asiye na dalili asiitwe mgonjwa kwa kipimo kimoja, rudia. Sukari chini ya 3.9 imeshuka, ishughulikie papo hapo (swali la 11).

Kwa mjamzito mipaka iko chini zaidi. Sukari ya kufunga ya 5.1 tayari ni kisukari cha ujauzito, na wanafunzi wengi huipitia namba hiyo wakidhani ni nzuri.

6. Kitabu kinasema 126, glukomita inasema 7. Nani mkweli?

Wote. Vitabu vya Marekani hutumia mg/dL, glukomita nyingi za hapa zimewekwa mmol/L. Zidisha mmol kwa 18. Ila ukikuta kwenye faili "sukari 20" bila kipimio, usikisie. Mpime tena mgonjwa. Na ukiandika wewe, andika kipimio.

7. Kidole kinasoma 14 kila siku, lakini HbA1c ni asilimia 5.8. Mgonjwa anadanganya?

Kabla hujamshuku mgonjwa, shuku damu. HbA1c inapima sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu, ikitegemea kwamba chembe hizo zinaishi siku 120 hivi. Kwa mgonjwa wa selimundu (siko seli) zinaishi siku 10 hadi 20 tu, hazipati muda wa kukusanya sukari, na kipimo kinatoka chini ya ukweli. Aliyeongezewa damu hivi karibuni naye hatoi namba ya kuaminika. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuipandisha namba bila sukari kupanda. Hata mwenye selimundu ya kurithi kwa mzazi mmoja tu, asiye na dalili zozote, anaweza kupewa majibu yaliyopotoka kutegemea mashine.

Selimundu na upungufu wa damu ni vya kila siku wodini kwetu. Kwa hiyo kwa wagonjwa hawa rudi kwenye sukari ya kufunga na daftari la vipimo vya kidole. Niliwahi kumwona bibi akisemwa mbele ya watu kwamba anapika namba za daftari lake. Daftari lilikuwa sahihi, na HbA1c ndiyo ilikuwa na kasoro. Bibi hakurudi kliniki kwa miezi minane.

## Dawa na sindano

8. Nifanye nini ili nisikosee insulini?

Anza na kumbukumbu hii: insulini ya kawaida ina uniti 100 katika mililita 1. Uniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita. Mtu akivuta mililita 1 kwa sirinji ya kawaida akidhani ni uniti 10, amevuta uniti 100, na hiyo inaua. Insulini inavutwa kwa sirinji ya insulini tu. Kwenye faili andika neno "uniti" lote, usiandike herufi U, maana kwa mwandiko wa haraka 4U husomeka 40.

Ile iliyochanganywa 70/30 ina ukungu. Iviringishe kati ya viganja, polepole, mara 10 hadi 20, mpaka weupe uenee sawasawa. Usiitikise. Ingiza hewa kiasi cha dozi kwenye kichupa, kipindue, vuta, gonga povu litoke, hakikisha mstari. Choma tumboni au pajani, hesabu mpaka kumi, chomoa. Kesho hamisha sehemu kidogo. Mgonjwa anayechoma palepale kila siku hupata uvimbe laini chini ya ngozi, na insulini ya hapo haifanyi kazi inavyotakiwa. Kwa hiyo sukari ikikataa kushuka, kabla ya kuongeza dozi omba kuona tumbo. Mgonjwa ale nusu saa baada ya kuchoma, na muulize kabisa chakula kiko wapi. Kama chakula kinategemea biashara ya siku hiyo, dozi ya kitabuni inaweza kumuangusha.

9. Mgonjwa hana friji. Insulini itahifadhiwaje kwenye joto la Dar?

Kichupa kilichofunguliwa hakihitaji friji. Kinahitaji pahala pa baridi ya kawaida, mbali na jua, na kitumike ndani ya wiki 4. Vile ambavyo havijafunguliwa ndivyo vinavyotaka nyuzi 2 hadi 8. Suluhisho la wengi ni mtungi: vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji, na kichupa ndani ya mfuko mkavu.

Mtungi unapoza kwa sababu maji yanakauka. Dodoma, kwenye hewa kavu, unafanya kazi vizuri sana. Dar es Salaam hewa ina unyevu, maji hayakauki haraka, kwa hiyo baridi yake ni ndogo. Bado ni bora mara nyingi kuliko kabati la chumba chenye bati lisilo na dari, ambapo mchana hata mishumaa inalegea. Uweke kivulini panapopita upepo. Kwa akiba ya miezi, wengi huomba kwa jirani mwenye friji au kwa muuza duka. Hapo onya jambo moja: isikae karibu na barafu. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

10. Mgonjwa anakataa sindano, anasema "ukianza insulini ndio mwisho". Nimjibu nini?

Kwanza muulize nani alikufa. Karibu kila mara kuna mtu: mjomba, shoga yake, jirani wa Manzese aliyeanzishiwa sindano na kufariki baada ya mwezi. Mtu huyo alianza insulini akiwa amechelewa mno, figo zimekwisha au mguu umeoza, na sindano ikabeba lawama. Usipomsikiliza hapo, maelezo yako yote ya baadaye hayaingii.

Baada ya hapo mweleze kwamba insulini ni kitu ambacho mwili ulikuwa ukijitengenezea wenyewe. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa anakufa tu. Mwaka huo, mjini Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akawa mtu wa kwanza kutibiwa nayo, akaishi miaka mingine 13. Wapo wagonjwa wa aina ya pili wanaochoma kwa muda na kurudi kwenye vidonge. Usimtishe kwa kumwambia "usipomeza dawa vizuri nitakuchoma sindano". Sentensi hiyo nimeisikia kwa madaktari wakubwa, na ndiyo inayopanda hofu unayokuja kuing'oa wewe miaka mitano baadaye.

11. Mgonjwa ameanguka, sukari ni 2.1. Nifanye nini kwa mpangilio?

Akiwa anameza: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Ikipanda, mpe chakula. Akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni, wala asali wala soda. Dekstrosi asilimia 50, mililita 50, polepole kwenye mshipa mzuri, au asilimia 10 mililita 150 hadi 200.

Kosa ninaloliona ni baada ya hapo. Mgonjwa anaamka, anaongea, ndugu wanafurahi, anaruhusiwa. Kama alimeza glibenklamaidi, hasa ni mzee au figo zake ni dhaifu, sukari itashuka tena usiku. Mlaze angalau saa 24 na umpime mara kwa mara. Kisha tafuta sababu, maana haikuanguka yenyewe.

Metfomini peke yake kwa kawaida haishushi sukari hivi. Shida yake ni tumbo: anza na miligramu 500 pamoja na chakula, na usiitumie figo zikiwa chini ya 30 kwa kipimo cha eGFR.

12. Kwenye ketoasidosisi (damu kujaa asidi kwa kukosa insulini) wanafunzi tunakosea wapi?

Mnakimbilia insulini. Maji kwanza: lita 1 ya salaini ya asilimia 0.9 katika saa ya kwanza kwa mtu mzima ambaye moyo na figo vinaruhusu. Kisha potasiamu. Ikiwa chini ya 3.3, na miongozo ya karibuni inasema 3.5, insulini isubiri mpaka potasiamu ipandishwe, kwa sababu insulini itaisukuma ndani ya seli na moyo utasimama. Ndipo inaanza insulini, uniti 0.1 kwa kila kilo kwa saa. Na sukari ikikaribia 14, ongeza dekstrosi, usisimamishe insulini. Unachotibu ni asidi.

Kwa mtoto kuna kosa la kabla ya hapo, nalo ni kutogundua. Anakuja anatapika, tumbo linauma, anahema haraka, amelegea. Kwa Dar jina la kwanza linalokuja ni malaria, la pili homa ya mapafu. Sikiliza kifua: anapumua kwa kina kama aliyepandishwa ngazi, lakini mapafu ni safi. Muulize mama kama amerudi kukojoa kitandani. Pima kidole. Tone moja la damu la kila mtoto anayehema hivyo lingeokoa watoto ambao hatujui hata idadi yao. Maji ya mtoto yanafuata mwongozo wa watoto, taratibu zaidi, kwa hofu ya ubongo kuvimba.

## Kuzungumza na mgonjwa

13. Nimwambieje mgonjwa kuhusu "carbohydrate"?

Taja chakula chenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwambia bibi mmoja, "Bibi, nyumbani kwako inabidi upunguze wanga." Akanyamaza. Akavuta kiti karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekwambia, mwanangu?" Kwake wanga ni watu wanaoroga usiku, na kulikuwa na mgogoro mkubwa nyumbani juu ya jambo hilo. Kwangu wanga ulikuwa ugali. Nilijaribu kufafanua, lakini alikuwa ameshasikia alichosikia, na nilibaki na wasiwasi wiki nzima juu ya nani atatuhumiwa kwa ajili ya neno langu.

Tangu hapo nasema ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, maandazi. Naonyesha kwa mkono: ugali kiasi cha ngumi yako, si mlima, nusu ya sahani iwe mchicha, bamia, kabichi, robo iwe maharage, samaki au dagaa. Vivyo hivyo "figo zinachuja" wanaelewa, "mishipa ya fahamu imeathirika" hawaelewi mpaka useme ganzi, miguu kuwaka moto, kukanyaga kama unakanyaga pamba. Dalili ya kukojoa sana uliza kwa idadi: usiku unaamka mara ngapi?

14. Mgonjwa anakula dona tu, tena nyingi, akisema haina sukari. Ni kweli?

Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina makapi, na mtama au ulezi vivyo hivyo. Lakini zote ni ugali, na sukari inapanda kwa kiasi. Asali nayo ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Ndizi mbivu au kipande cha embe si haramu. Vikombe vitatu vya juisi ya embe ni jambo jingine. Ukitaka kumwonyesha, mpime kabla ya kula na saa 2 baada ya bakuli lake la uji wa ulezi. Namba aliyoiona mwenyewe haibishani naye.

15. Nifanyeje na dawa za asili?

Uliza, na uliza kwa namna ambayo jibu la ndiyo halimletei aibu: "Watu wengi wanatumia mlonge, karela, maji ya bamia, mdalasini. Wewe unatumia ipi?" Ukiuliza "hutumii miti shamba, eti?" utajibiwa "situmii".

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa waliyoamini yanapona. Kliniki ziliwapokea waliokuwa wameacha dawa. Walienda kwa sababu walichoka kumeza vidonge kila siku bila kuambiwa mwisho ni lini, na uchovu huo bado upo leo. Kipaumbele changu ni mgonjwa asiache insulini au vidonge. Akisema karela inamsaidia, namwomba apime na aandike, kwa sababu baadhi ya mimea inaweza kushusha sukari juu ya dawa na kumuangusha.

## Mambo ya pembeni yanayokutana na wanafunzi

16. Mgonjwa ana TB au VVU pia. Kipi kinabadilika?

Kisukari kinaongeza hatari ya TB mara 2 hadi 3, kwa hiyo kila mgonjwa wa TB apimwe sukari, na kila mwenye kisukari aulizwe kikohozi, homa na jasho la usiku. Rifampisini inapunguza nguvu ya glibenklamaidi na gliklazaidi. Sukari ikipanda baada ya kuanza dawa za TB, usimshutumu kwa ulaji kabla ya kukumbuka hilo. Wengi huhitaji insulini kwa muda.

Dolutegravir, dawa ya VVU, inaongeza kiwango cha metfomini mwilini. Metfomini isizidi miligramu 1,000 kwa siku kwa anayetumia dawa zote mbili. Hili linaangukia katikati ya kliniki mbili, kila moja ikidhani nyingine inajua. Mwanafunzi anayesoma kadi zote mbili ndiye hugundua.

17. Ramadhani: nimkataze kufunga?

Wenye aina ya kwanza, wajawazito, wenye figo dhaifu, na walioanguka kwa sukari hivi karibuni washauriwe wasifunge. Lakini usitoe amri ukageuka kuondoka. Wapo watakaofunga hata hivyo, na bila mpango wako watafunga kwa hatari zaidi. Muone wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi. Dozi kubwa inahamia futari, ndogo daku, na glibenklamaidi ndiyo ya kuiogopa. Mwambie wazi: ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7, anafungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika 20. Mashekhe wengi wanakubali kwamba kupima kidole hakuvunji funga. Kama ana shaka, amuulize shekhe wake mapema. Na zungumzia futari yenyewe. Kaimati, tambi za sukari, magimbi na mihogo ya nazi vikikutana kwenye mkeka mmoja, tatizo la usiku linakuwa kupanda.

18. Kwa nini mnasisitiza miguu na mikono hivyo?

Kwa sababu mgonjwa mwenye ganzi hasikii anachofanyiwa. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika juu ya wagonjwa walioumwa na panya vidoleni wakiwa wamelala, wakagundua asubuhi kwa kuona damu kwenye shuka. Mwanafunzi anayesikia hivi mara ya kwanza haamini, mpaka avue soksi za mgonjwa. Kwa hiyo uliza kama nyumba ina panya, kama analala chini, kama anatembea peku, na kama anakanda miguu kwa maji ya moto. Pima hisia kwa uzi wa gramu 10, ule wa plastiki unaopinda ukisukumwa kwa nguvu hiyo. Ukikosekana, gusa ncha za vidole vyake kwa upole mgonjwa akiwa amefumba macho, akuambie umegusa wapi.

Mkono nao una ugonjwa wake, ulioelezwa hapahapa Dar es Salaam na kuripotiwa mwaka 2002. Unaanza na kitu kidogo, mwiba, kuumwa na mdudu, mkwaruzo wa kisu jikoni. Ndani ya siku chache mkono unavimba, na ukicheleweshwa unaoza hadi kukatwa au kuua. Mwenye kisukari mwenye uvimbe wa mkono asirudishwe nyumbani na vidonge na miadi ya wiki ijayo. Alazwe, apewe antibayotiki za mshipa, amwone daktari wa upasuaji siku hiyo. Ndugu wakisema ni donda ndugu la kurogwa, usibishane. Endelea kumwandikia kitanda.

## Wewe mwenyewe na watu wako

19. Mimi ni kijana. Nipime?

Kama uzito umezidi (BMI 25 na kuendelea) na mzazi au ndugu wa damu ana kisukari, pima. Kama ulipata kisukari cha ujauzito, pima. Wengine, pima hata mara moja ili ujue kidole kinaumaje. Chipsi mayai ya saa tano usiku na soda ya gramu 35 hivi za sukari ni maisha ya hosteli, nayaelewa, lakini zamu za usiku zinaendelea miaka mingi.

20. Ndugu wananipigia simu niwabadilishie dozi. Nifanyeje?

Usibadilishe dozi ya mtu usiyemwona. Ila simu usiipuuze, maana huenda wewe ndiye mtu pekee wa afya anayemjua. Uliza mambo matatu: kipimo kinasoma ngapi, amekula saa ngapi, na anajitambua? Anatapika, anahema haraka au ni mtoto: aende hospitali usiku huu, asisubiri mwendokasi wa alfajiri. Sukari imeshuka na anameza: fuata swali la 11 ukiwa naye hewani, umsikie mtu akikoroga sukari kwenye kikombe. Ni juu tu, yuko vizuri: aandike namba za siku tatu aende nazo kliniki.

Kwa yule ambaye sukari yake ilishuka, ukikata simu tega saa. Baada ya dakika 15 mpigie wewe, umuulize kidole kinasoma ngapi sasa.